Nyigu wa kwenye gogo: je, ni spishi mpya?

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga, ameniandikia hivi: wanafunzi wake walimkuta nyigu kwenye gogo lililooza pembeni mwa shamba la shule. Ni mweusi mwenye mabaka ya manjano, ana mkia mwembamba unaouzidi mwili wake kwa urefu, na mkia huo alikuwa ameuchomeka ndani ya mti. Mwalimu amemweka kwenye spiriti. Amepekua mtandaoni na hajaona picha inayofanana naye. Anauliza atajuaje kama ni spishi mpya. Kama ni mpya, je, anaruhusiwa kumpa jina la marehemu bibi yake Hadija, maana shamba lile lilikuwa lake? Na je, ni lazima nyigu huyo apelekwe Ulaya?

Mwalimu, asante kwa swali, na hongera kwa kumhifadhi mdudu mwenyewe, hukuishia kwenye picha ya simu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu maswali yako matatu yameshikana, huwezi kulijibu moja ukayaacha mengine.

Tumjue kwanza ni nani. Huo unaouita mkia ni mrija wa kutagia mayai, kwa hiyo uliye naye ni jike; dume hana. Ndani ya gogo lile kuna mabuu yanayotafuna mti, pengine ya mbawakawa, na nyigu wako alikuwa anatoboa ili awafikie. Nyigu wa namna hii hutambua buu alipo akiwa juu ya gome. Hupitisha mrija ndani ya mti hadi alipo, humchoma na kumlemaza, kisha hutaga yai. Yai likianguliwa, buu la nyigu hula buu la mbawakawa taratibu hadi limalizike. Watafiti waliochunguza ncha za mirija ya nyigu wanaotoboa miti wamekuta zimeimarishwa kwa zinki au manganizi, ndiyo maana kitu chembamba kama kile kinapenya mbao. Waambie wanafunzi wasiwe na hofu naye. Hajengi kiota cha kukilinda wala hashambulii watu kama wale nyigu wa darini.

Kwa maelezo yako namweka kwenye familia ya Ichneumonidae, na nahisi anaweza kuwa wa kikundi kidogo ndani yake kiitwacho Rhyssinae. Hilo unaweza kulihakiki mwenyewe kwa lenzi ya maabara ya shule. Mtoe kwenye spiriti, mwache akauke kidogo, umtazame mgongoni juu ya kifua, mbele kidogo ya shina la mabawa. Akiwa wa Rhyssinae utaona matuta madogo makali yaliyokingama, moja nyuma ya jingine, mithili ya meno ya tupa. Pitisha ncha ya pini polepole kutoka mbele kwenda nyuma, utahisi inakwaruza. Ukikuta kifua laini kinachong'aa, bado anaweza kuwa wa Ichneumonidae, ila wa kikundi kingine. Hesabu pia vipingili vya vipapasio vyake: vikizidi 16 tuko njia sahihi. Halafu nipigie picha bawa la mbele likiwa limekunjuliwa, kwa sababu kuna mshipa mmoja katika bawa hilo ambao Ichneumonidae wanao na ndugu zao Braconidae karibu wote hawana.

Sasa swali lenyewe. Uwezekano wa kuwa mpya upo, na si mdogo. Ichneumonidae waliokwisha kupewa majina duniani ni kama 25,000, lakini makadirio ya walio hai yanaanzia 60,000 hadi zaidi ya 100,000. Misitu ya Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu ambazo wadudu hawa wamechunguzwa kidogo mno kuliko wanavyostahili.

Mfano ulio karibu na wewe ni msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, ambao wengi wanaujua kwa ajili ya sokwe. Mwaka 2014 na 2015 mtafiti Tapani Hopkins wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, pamoja na wenzake, waliweka huko zaidi ya mitego 30 ya Malaise, kuanzia msitu ambao haujawahi kukatwa hadi kwenye mashamba. Mtego wa Malaise ni kama hema la chandarua lililo wazi pembeni. Mdudu anayeruka hugonga ukuta wa katikati, hupanda juu kwa kufuata mwanga, na huishia kwenye chupa ya ethanoli iliyofungwa kwenye kona ya juu. Msweden René Malaise ndiye aliyeubuni katika miaka ya 1930, baada ya kuona wadudu walioingia kwenye hema lake wakikimbilia kona ya juu kila mara.

Katika mzigo wa wadudu waliotoka Kibale, Rhyssinae walitengwa na kulinganishwa mmoja mmoja, na mwaka 2019 zikatangazwa spishi mbili mpya: Epirhyssa quagga na Epirhyssa johanna. Lakini kilichonigusa zaidi mimi ni habari ya spishi ya tatu, ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Epirhyssa overlaeti ndiye mkubwa kuliko Rhyssinae wote wa Afrika. Hadi wakati ule sayansi ilikuwa na majike wawili tu wa spishi hiyo, mmoja wa Kongo wa miaka ya 1930 na mwingine wa Kameruni wa miaka ya 1980. Kibale wakapatikana kwa wingi, majike kwa madume. Nyigu mkubwa kiasi hicho, anayeruka mchana kweupe, alikuwa anajulikana kwa miili miwili tu katika bara zima.

Fikiria basi kama wewe, Mwalimu, ndiwe ungemshika overlaeti kabla ya 2019. Ungepekua mtandao usiku na mchana usione picha yake, na ungeapa kuwa ni mpya. Angekuwa na jina tayari kwa zaidi ya miaka 70. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Spishi mpya ni ile ambayo haijawahi kuchapishwa kwa jina la kisayansi mahali popote, na ushahidi wa hilo hautoki Google. Unatoka kwenye maandishi ya zamani na kwenye wadudu waliokauka makabatini. Spishi nyingi za nyigu wa Afrika zilielezwa kwa Kijerumani, Kifaransa au Kilatini, kwa aya moja au mbili, bila mchoro. Picha za rangi zilizo mtandaoni ni za sehemu ndogo sana ya spishi hizo. Ukitaka mahali pazuri pa kuanzia, tovuti ya WaspWeb inayosimamiwa na Simon van Noort wa makumbusho ya Iziko, Cape Town, ina picha na orodha za nyigu wa Afrika kuliko nyingine yoyote ninayoitumia, na yeye ni miongoni mwa walioshiriki kazi ya Kibale.

Kazi ya kulinganisha inafanyika hivi. Mtaalamu akishajua jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, anaandika orodha ya spishi zote zilizowahi kutajwa ndani yake, zikiwemo zile ambazo majina yake yalifutwa baadaye. Anatafuta maelezo ya kwanza ya kila moja. Halafu, hapa ndipo kazi inapokuwa ndefu, anatafuta kielelezo mama cha kila spishi, kiitwacho holotaipu. Huyo ni mdudu mmoja halisi ambaye jina limefungwa kwake milele. Maelezo yakiwa na utata, holotaipu ndiyo inayoamua. Na holotaipu nyingi za nyigu wetu ziko kwenye makumbusho ya London, Paris, Berlin na Tervuren ya Ubelgiji. Wewe uko Muheza. Jirani yako pale Amani, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902, na wadudu waliokusanywa huko enzi hizo wamo Berlin hadi leo. Inawezekana kabisa kwamba dada wa nyigu wako amekaa kwenye droo ya Berlin tangu kabla babu yako hajazaliwa, awe na jina au asiwe nalo.

Nasema asiwe nalo kwa sababu hilo hutokea sana. Mwaka 2012 Lynn Kimsey wa Marekani na Michael Ohl wa makumbusho ya Berlin walimtangaza nyigu wa Sulawesi, Indonesia, waliyemwita Megalara garuda. Dume lake lina taya ndefu kuliko miguu yake ya mbele. Kimsey alimpata milimani mwaka 2009. Ohl alimkuta kwenye makusanyo ya Berlin, ambako nyigu mmoja wa spishi hiyo alikuwa amekaa tangu alipokusanywa 1930. Watafiti wa Paris waliwahi kupima muda unaopita tangu kiumbe anapokusanywa hadi anapopewa jina, na wastani wao ulikuwa miaka 21. Wataalamu ni wachache mno kwa idadi ya wadudu wanaosubiri, wala hakuna siri nyingine.

Kwenye meza ya hadubini tunaangalia nini? Rangi huja mwisho. Mabaka ya manjano ya nyigu wako yanaweza kupauka kwenye spiriti au kupungua kwa wadogo wa spishi hiyohiyo, na mtu akitegemea rangi peke yake atatangaza spishi tatu kutokana na mama mmoja. Tunapima urefu wa mrija wa kutagia ukilinganishwa na bawa la mbele. Tunaangalia umbo la uso kati ya macho, vinundu na vitundu vya ngozi, mishipa ya mabawa ilivyokutana, kucha za miguu, umbo la pingili ya kwanza ya tumbo. Tunataka majike kadhaa na madume kadhaa, ili tujue spishi inabadilika kiasi gani ndani yake kabla ya kusema inatofautiana na nyingine. Kielelezo kimoja kinaruhusiwa, na spishi nyingi zimetangazwa kwa kielelezo kimoja, lakini mimi napenda kusubiri nipate zaidi pale inapowezekana.

Kuna nyakati macho hayatoshi. Kenya kuna mfano mzuri sana. Cotesia sesamiae ni nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama, na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, na washirika wao wamemfanyia kazi kwa miaka mingi. Mmoja wa wale waliodhaniwa kuwa ni yeye alikuwa na tabia ya peke yake: alimfuata kiwavi wa aina moja tu, Sesamia nonagrioides. Vinasaba vilipopimwa, vikaunganishwa na tabia hiyo na tofauti ndogo za umbo, ilionekana kuwa huyo ni spishi nyingine. Mwaka 2017 akatangazwa kwa jina la Cotesia typhae. Sasa Wafaransa wanamchunguza wakitaka wamtumie kupambana na kiwavi huyohuyo anayeharibu mahindi yao. Mdudu aliyekuwa amejificha ndani ya jina la mwenzake ametoka kwenye mabua ya Kenya na kuwa tumaini la mkulima wa Ufaransa.

Vinasaba basi vinasaidia, na wengi huniuliza kwa nini tusipime tu DNA tukamaliza. Kipande kinachotumika sana kwa wadudu ni cha jeni ya COI, chenye herufi 658, njia iliyopendekezwa na Paul Hebert wa Kanada mwaka 2003. Unapata mfuatano wa herufi, unaulinganisha na hifadhi ya kimataifa. Shida ni kwamba hifadhi hiyo ina nyigu wachache wa kwetu. Ukiambiwa hakuna anayelingana, maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kumpima ndugu yake. Huenda ana jina la 1908. Na kielelezo cha 1908 mara nyingi DNA yake imekwisha kuvunjikavunjika, hivyo unarudi palepale kwenye hadubini.

Ubishi juu ya jambo hili ni mkali. Mwaka 2021 mtaalamu wa nyigu Michael Sharkey na wenzake walichapisha spishi 403 mpya za Braconidae wa Costa Rica kwa mpigo, nyingi zikiwa na picha na mfuatano wa DNA bila maelezo marefu ya umbo. Walisema wadudu wanatoweka, hatuna muda wa kuandika kurasa tano kwa kila mmoja. Wenzao wakawajibu kwamba spishi ambayo huwezi kuitambua bila mashine haijaelezwa. Naelewa haraka ya kina Sharkey, lakini msimamo wangu uko upande wa pili, na ni kwa ajili ya watu kama wewe. Maelezo ya spishi yanapaswa kumwezesha mwalimu wa Muheza mwenye lenzi kusema huyu ndiye au siye. DNA iambatane na maelezo hayo, isichukue nafasi yake.

Unaweza kujiuliza kwa nini tunajichosha hivi kwa ajili ya nyigu. Watu wa muhogo wanajua. Katika miaka ya 1970 mdudu mdogo mwenye unga mweupe, Phenacoccus manihoti, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kukausha mashamba ya muhogo nchi baada ya nchi. Alipewa jina mwaka 1977. Watafiti wakaenda kumtafuta kwao ili wapate adui wake wa asili. Kaskazini mwa Amerika Kusini wakamkuta mdudu anayefanana naye mno, wakakusanya nyigu wanaomshambulia, lakini nyigu hao hawakumtaka yule wa Afrika. Uchunguzi wa makini ukaonyesha kuwa yule wa kaskazini alikuwa spishi nyingine, ikaitwa Phenacoccus herreni mwaka 1981. Mwaka huohuo mdudu sahihi alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mwenye urefu wa milimita chache, Anagyrus lopezi. Taasisi ya kimataifa ya kilimo ya IITA, katika mradi ulioongozwa na Hans Herren, ilimzalisha na kumwachia Nigeria, kisha katika nchi nyingine nyingi za muhogo, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Muda uliopotea kwa kufuata mdudu asiye sahihi ulilipwa na watu waliokuwa wanategemea muhogo. Kosa la jina lilikuwa kosa la chakula.

Tuje kwenye kuandika. Tuseme tumelinganisha na tumeridhika kuwa hakuna aliyemtaja. Tunachagua kielelezo kimoja kilicho bora kiwe holotaipu, na kwa desturi tunakiwekea lebo nyekundu. Wenzake wa spishi hiyo tuliowachunguza wanakuwa parataipu. Tunaandika maelezo kamili ya umbo, na pembeni yake tunaandika utambulisho mfupi unaosema wazi kinachomtofautisha na jamaa zake wa karibu. Huo utambulisho mfupi ndio ninaousoma kwanza ninapopitia kazi ya mtu. Ukiwa na sentensi kama "anafanana na fulani ila ni mkubwa kidogo", najua bado hajamaliza kulinganisha. Tunataja mahali, tarehe, mkusanyaji na makumbusho ambako holotaipu itakaa. Tangu mwaka 2000, jina lisilo na holotaipu au kielelezo cha aina hiyo kilichotajwa bayana halitambuliwi. Makala inachapishwa kwenye jarida, na kama jarida ni la kielektroniki, tangu 2012 inaruhusiwa kwa sharti la kuandikishwa kwenye sajili iitwayo ZooBank.

Na hapo ndipo tunamfikia bibi Hadija. Ndiyo, inaruhusiwa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, zinazoanzia na kazi ya mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, ya mwaka 1758, hazidai kwamba anayeenziwa awe profesa wala mtu maarufu. Jina la jenasi litakuwa lilelile la ukoo wake. Wewe unachagua neno la pili tu. Kwa jina la mwanamke, kawaida linapewa mwisho wa Kilatini, kwa hiyo Hadija angekuwa hadijae, kwa herufi ndogo. Inaruhusiwa pia kuliacha jina lilivyo. Yule Epirhyssa johanna wa Kibale amepewa jina la mke wa mtafiti bila kuongezewa herufi yoyote, na quagga ni neno lililomo katika jina la kisayansi la punda milia, kwa kuwa rangi za nyigu huyo zilifanana nazo. Makumbusho ya Berlin iliwahi kuwapigisha kura wageni wake kuchagua jina la nyigu wa Thailand. Jina la kijiji chako nalo linafaa, kwa mwisho wa -ensis. Kitu kimoja ambacho watu wa kazi hii hawakipendi, ingawa hakijakatazwa, ni mtu kujipa jina lake mwenyewe.

Lakini haki ya jina iko kwa anayechapisha maelezo. Kwa hiyo zungumza mapema, kabla kielelezo hakijatoka mkononi mwako. Mwambie mtaalamu: nitakupa kielelezo, taarifa za mahali na za tabia, nataka niwe mwandishi mwenza, na napendekeza jina hili. Ni ombi la haki, na mtu mwenye heshima atalipokea. Usilitangaze jina kwenye Facebook wala kwenye kundi la WhatsApp la shule kabla ya makala kutoka. Jina la mtandaoni lisilo na maelezo halina hadhi yoyote kisayansi, na linaweza kuleta vurugu baadaye.

Kuhusu Ulaya, hapana, si lazima, na kwa sasa naomba usimtume kokote. Zipo njia za halali na ni vizuri zifuatwe tangu mwanzo. Utafiti wa viumbe nchini Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa wanyamapori taasisi ya utafiti ya TAWIRI inahusika. Ukikusanya ndani ya hifadhi ya misitu kama Amani, unahitaji ruhusa ya TFS, wakala wa misitu. Kwa vibali vya namna hiyo Kenya wana NACOSTI na KWS, Uganda wana UNCST na UWA. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi alikotoka kiumbe ikubali kwanza na inufaike. Baadhi ya watafiti huziona taratibu hizi kuwa kero. Mimi naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeshawaona vijana wetu wenye akili nzuri wakishindwa kumaliza kazi kwa kuwa kielelezo mama kiko mbali na nauli haipo. Picha kali za pande zote, zikipigwa hapa na kutumwa, zinatosha kwa sehemu kubwa ya kulinganisha. Makumbusho ya kigeni nayo hupiga picha holotaipu zake ukiwaandikia vizuri. Kielelezo chako kinaweza kubaki nchini, kwenye makusanyo ya kudumu ya chuo kikuu au makumbusho, mahali ambapo mwanafunzi wa miaka 50 ijayo ataweza kukiona bila pasipoti.

Basi fanya haya wiki hii. Kama spiriti uliyotumia ni ile ya rangi ya kuwashia moto, mhamishe nyigu kwenye ethanoli safi, na ukipata ya asilimia 95 ni bora zaidi kwa DNA. Formalini usiiguse, inaharibu vinasaba. Weka chupa mahali pa baridi pasipo na jua. Andika lebo kwa penseli, uiweke ndani ya chupa pamoja naye, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli na lebo ya nje hubanduka. Iwe na nchi, mkoa, wilaya, jina la mahali, vipimo vya GPS kutoka kwenye simu, mwinuko, tarehe, jina la aliyemshika, na maneno haya: "akitoboa gogo lililooza". Kama unamjua mti wenyewe, andika jina lake hata kama ni la Kisambaa au Kibondei.

Halafu lishike lile gogo, Mwalimu. Wanafunzi wasilichome kuni. Kwa macho yangu gogo lina thamani kuliko nyigu mwenyewe. Mitego ya Malaise inakamata kwa maelfu lakini haikuambii nyigu alikuwa anamla nani, na kwa nyigu hawa wa Afrika habari hiyo ni adimu sana. Kata kipande cha urefu wa mkono mahali alipokuwa ametoboa, ukiweke kwenye ndoo, ufunike kwa chandarua kilichofungwa vizuri, ndoo ikae kivulini na mti usikauke kabisa. Wapange wanafunzi zamu ya kukagua kila asubuhi na kuandika kinachotoka na tarehe. Mbawakawa wakitoka, wahifadhi, maana huenda mmoja wao ndiye chakula chenyewe. Nyigu wakitoka, utakuwa na madume, na maelezo ya dume ndiyo yanayokosekana kwenye nusu ya kazi ninazozisoma.

Nitumie picha nne: ubavu mzima, mgongo wa kifua, uso, na bawa la mbele lililokunjuliwa juu ya karatasi nyeupe, kila moja ikiwa na rula ya milimita pembeni. Nikiona matuta yale mgongoni nitakutafutia orodha ya spishi za jenasi yake, na wewe na wanafunzi wako mtaanza kulinganisha kutoka hapo.